Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Mayai ya Chambo Yaliyokataliwa na Samaki

CHAMA CHA WAVUVI WA NDOANA
Kikao kilifanyika Jumanne, chumba cha Chama, ghorofani juu ya duka la vioo. Kiliitwa saa 10:30 jioni. Kilianza saa 11:10, Mwenyekiti alipofika. Duka la vioo ni lake, na liko hapahapa chini yetu.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (mwenye duka la vioo)
2. Katibu, ambaye pia ni Mtunza Chambo (mpara samaki, sokoni)
3. Mweka Hazina (Kinyozi)
4. Mjumbe (Fundi Viatu)
5. Mjumbe (Shemeji wa Mwenyekiti)

MGENI MWALIKWA
Mama Cherehani, kiongozi wa kina mama washonaji wa chumba cha pili

WASIOHUDHURIA
Muuguzi, kwa taarifa: yuko zamu.
Dereva wa Lori, bila taarifa. Inasemekana ameonekana ng'ambo ya mto akinunua chambo kwa wapinzani wetu.

KUMB. NA. 1/KD: KUFUNGUA KIKAO NA KURIDHIA AJENDA
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe watangulize umoja. Kinyozi aliuliza kama huo umoja ndio uliochelewa dakika arobaini. Mwenyekiti alisema tuendelee.

Mwenyekiti aliomba iongezwe ajenda ya "Shukrani za Majirani", akieleza kwamba kuna mgeni atakayekuja kutoa neno jema, na ni heshima kwa Chama. Ilikubaliwa bila mjadala. Katibu naye aliinua mkono kukubali.

KUMB. NA. 2/KD: TAARIFA YA MASHINDANO YA JUMAMOSI
Kinyozi alitoa taarifa. Wa ng'ambo walipata samaki kumi na tisa. Sisi tulipata mmoja, naye alinaswa ubavuni, kwa bahati yake mbaya.

Alieleza kwamba mayai yaliyotolewa kwenye friza yalikuwa meupe badala ya rangi ya chungwa, magumu kwa nje, na hayakushika kwenye ndoana. Kila mshipi uliporushwa, mayai yalikwenda upande wao na ndoana upande wake. Machache yaliyofika chini hayakusaidia kitu. "Samaki anakuja, ananusa, anageuka kama mtu aliyekosea mlango," alisema. Wa ng'ambo walipaza sauti wakiuliza: "Jamani, mnawavua au mnawalisha?"

Fundi Viatu alisema yeye hasira zake ni za marudiano. Yamebaki majuma mawili, na samaki wenye mayai sokoni wanakwisha. Tukishindwa tena tunapoteza zamu yetu ya gati la mawe kwa mwaka mzima, tukavulie kwenye matope na vyura.

KUMB. NA. 3/KD: MAELEZO YA MTUNZA CHAMBO, NA HOJA YA KUMWONDOA
Katibu alieleza jinsi mayai yalivyotengenezwa. Alieleza kwa sauti ambayo Shemeji aliiita kelele. Katibu anaiita sauti.

Mayai yalitolewa tumboni kwa samaki wa asubuhi ileile, yakiwa bado ndani ya utando wake. Damu ilikamuliwa kwenye mishipa kwa mgongo wa kijiko. Hayakuguswa na maji ya bomba, kwa sababu maji ya bomba huyavimbisha na kuyapasua. Yalikatwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, yakanyunyiziwa chumvi vikombe viwili kwa sukari kikombe kimoja, yakafunikwa. Mayai hutoa maji yake yenyewe, kisha huyanywa tena yenyewe. Anayeyamwaga yale maji amemwaga chambo. Yakaanikwa kivulini juu ya wavu mpaka yakawa yananata bila kulowesha kidole. Ndipo yakafungwa kwenye chupa za mdomo mpana, chumvi chini na chumvi juu, yakaingizwa kwenye friza. Chupa zilikuwa thelathini na moja. Friza yenyewe Katibu aliichukua kwa muuza samaki ikiwa imekufa, akaifufua kwa mkono wake, na mpaka leo hakuna aliyemwambia ahsante.

Mwenyekiti alisema hakuna anayebeza jasho la dada yetu, lakini chupa ishirini na mbili zimeharibika na mwenye ufunguo ni mmoja. Alitumia neno "uzembe". Alipendekeza utunzaji wa chambo na ufunguo wa friza vihamie kwa Shemeji.

Fundi Viatu alimuuliza Shemeji kama amewahi kutengeneza mayai. Shemeji alijibu kwamba amewahi kuyala. Kinyozi alicheka, Mwenyekiti akamwonya.

Katibu alikumbusha kwamba funguo ni mbili. Mwenyekiti alijibu kwamba wake ni wa akiba, kwa ajili ya moto na mafuriko tu. Katibu alisema: "Miaka sita ninanuka shombo kwa ajili yenu. Mume wangu ameshahamia upande wa dirishani. Leo nafukuzwa kwa neno moja?"

Shemeji aliunga mkono hoja. Kabla kura haijapigwa, Mama Cherehani alibisha hodi, akasema ana mteja anayesubiri vazi lake. Mwenyekiti aliamua asikilizwe kwanza.

KUMB. NA. 4/KD: SHUKRANI ZA MAJIRANI
Mama Cherehani alisema hatakaa, maneno yake ni machache. Kina mama walikuwa wamechoka: kila friza ilipofunguliwa, shombo lilipita chini ya mlango na kuingia kwenye vitambaa. Bibi harusi mmoja alirudisha gauni. Walikuwa tayari kwenda kwa mwenye nyumba.

"Lakini huyu Mwenyekiti wenu, jamani, huyu ni mtu!" alisema. "Nilimlalamikia Jumatano. Alhamisi nikamkuta mwenyewe hapo kwenye sinki, amekunja mikono ya shati, ana ndimu ndoo nzima. Anafungua chupa mojamoja, anamwaga yale maji machafu, anasuuza mayai, anayakamulia ndimu. Nikamwambia, baba, acha nikusaidie. Akasema, mama, kazi ya ujirani haina cheo. Kafika chupa ya ishirini na mbili, ndimu zikamwishia. Nasi tunasema ahsanteni."

Wajumbe hawakupiga makofi. Mama Cherehani aliuliza kama amesema vibaya. Katibu alimhakikishia kwamba amesema vizuri sana, akamwomba arudie idadi ya chupa kwa ajili ya kumbukumbu. Alirudia, akaaga.

Kinyozi alisema: "Mzee, umetoa shombo kwenye chambo?"

Mwenyekiti alieleza kwamba alikuwa anakiokoa chumba, na kwamba hakujua kitu kinaweza kuharibika kwa kuoshwa. Katibu alijibu kwamba ndimu huivisha mayai kama moto, ndiyo maana yalikuwa meupe. Samaki hana macho ya kuona ndoana imevikwa nini kwenye maji ya tope, anafuata shombo. Ukiliondoa, umemtupia kokoto.

Fundi Viatu, ambaye hupandisha sauti kwa nadra, alisema kosa la ndimu angelisamehe, kwani majirani walikuwa na haki yao. "Ila tangu Jumamosi unatusikia tunamtukana huyu dada mpaka sokoni kwake, mbele ya wateja wake. Ulijua mikono yako ilipita wapi. Ungesema tu!"

Mwenyekiti alisema alikuwa anangoja wakati mwafaka. Katibu aliomba iandikwe kwamba Alhamisi hiyo hapakuwa na moto wala mafuriko. Imeandikwa.

Mwenyekiti aliomba badala ya "Mwenyekiti aliosha" iandikwe "mayai yalioshwa". Ombi lilikataliwa kwa kura tatu kwa moja. Shemeji hakupiga kura. Alisema anatazama saa.

KUMB. NA. 5/KD: MAAZIMIO
(a) Hoja ya kumwondoa Mtunza Chambo imeanguka. Hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeiunga mkono.
(b) Ufunguo wa akiba umekabidhiwa kwa Katibu mezani.
(c) Friza itahamishiwa uani, chini ya ngazi, mbali na vitambaa vya kina mama. Gharama za waya ni za Mwenyekiti.
(d) Mwenyekiti atakwenda na Katibu sokoni, kwenye meza yake, mbele ya wateja walewale, na kusema kwa kinywa chake nani aliharibu chambo.
(e) Akishasema, atabaki hapohapo kukamua damu na kutia chumvi mayai mapya mpaka zipatikane chupa ishirini na mbili.

Mwenyekiti alikubali yote. Kuhusu (e) alitaka ufafanuzi, kwa kuwa duka lake linapokea wateja wenye heshima zao: shombo likishaingia mikononi, hutolewa kwa kitu gani?

Katibu alimjibu: kwa ndimu.

KUMB. NA. 6/KD: KUFUNGA KIKAO
Kikao kiliishia hapo, saa 12:50 jioni. Chupa tisa nzima zilihesabiwa mbele ya wajumbe wote, friza ikafungwa.

Sahihi ya Katibu: ........................ Jumanne, hapohapo.

Sahihi ya Mwenyekiti: ........................ Ijumaa, sokoni, kabla hajanawa.