Mauti Tuliyoyafukuza Bwawani

Ochieng, mwanangu,

Ni mimi, baba yako mkubwa. Ulipokuwa hai nilikataa kukuita Kamanda, na leo pia sitakuita hivyo. Msalabani tuliandika jina ulilopewa na nyanya yako, basi.

Nakuandikia kwa sababu ya Odongo.

Wewe na yeye mlianzisha kundi moja hapa Sarang'ombe, kisha kila mmoja akataka kuwa mkubwa. Yeye akahamia Kawangware na vijana waliomfuata, nawe ukabaki na wako. Nilipokuonya ulicheka: "Mzee, fahali wawili hawakai zizi moja." Nilikujibu kwamba zizi lenyewe si lenu. Mwishowe watu wake walikuvizia Kambi Muru, wakakuua.

Hukuyaona yaliyofuata. Kabla hatujakusafirisha kwenda kukuzika kijijini, vijana wako walijaa mlangoni kwangu wakiwa na matawi, rungu na mapanga. Walitaka tero buru hapa hapa mjini. Niliwaambia kwamba desturi hiyo hufanywa nyumbani: wanaume hukimbia na ng'ombe na ngoma hadi mpakani mwa kijiji, wakiyafukuza mauti yasirudi bomani. Wakanijibu, "Buda, home ya Kamanda ni hapa. Na hiyo kifo tunajua ilitoka wapi. Inaishi Kawa." Nikaelewa walikotaka kwenda, na kwamba wengi wao wasingerudi.

Nikasema vema, ila kwa desturi hiyo hiyo waliyoidai, mzee wa ukoo hutangulia.

Huko Kawangware Odongo, naye mtoto wa ziwa aliyekulia desturi hiyo kama sisi, alijua nini kingekuja. Alikuwa amewapanga watu wake barabarani na mawe. Tulipofika njia panda, ya juu ikienda Kawangware na ya chini bwawani, vijana wako walipiga kelele, "Juu, mzee! Juu!" Mimi nikateremka. Nilikwenda polepole kwa sababu ya goti, na hakuna aliyethubutu kunipita. Mmoja alinitukana matusi ambayo sitayaandika, kisha akanifuata. Tulifika bwawani, nikalitupa tawi langu kwenye magugu ya maji, nikawaambia kwamba mauti yamekwisha kufukuzwa, waende wakaoge. Waliimba huku wakilia. Siku ile hakufa mtu.

Nilidhani yameisha. Ochieng, Odongo bado anatungoja.

Jumapili, baada ya ibada, mama yake alikuja kwangu. Chai aliiacha ikapoa. Alisema mwanawe halali tena nyumbani. Kila jioni huweka vijana barabarani, na akisikia ngoma, hata ya harusi, huchomoa panga. Anadai amekuona sokoni Kawangware, umesimama tu kati ya wauza mboga, humwiti, humfuati. Umevaa shati jeupe la mistari ya samawati, umefunga vifungo vyote hadi shingoni.

Mimi ndiye niliyekufunga vifungo vile. Hukuvaa hivyo hata siku moja ya uhai wako, na Odongo hakuwapo tulipokuvalisha kabla ya kukulaza jenezani.

Sikumwambia mama yake. Nilimwambia kwamba wafu hawatembei. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, Ochieng alikuwa anakuskiza wewe. Mwambie amwache mtoto wangu. Akizidi kuogopa ataua mtu mwingine." Akaondoka.

Ni kweli. Juzi walimpiga mwuza miwa, mgeni wa watu, kwa kuwa alitokea upande wetu akikimbia mvua. Safari hii alinusurika.

Basi nisikilize. Sijamsamehe Odongo, wala sikuombi umsamehe. Sijui kama ni wewe anayekuona, au ni... sijui. Umri huu wote, na sijui. Lakini kesho nitakwenda Kawangware mchana, peke yangu, mikono mitupu, nimwambie kwamba hakuna anayekuja. Asiponiamini nitarudi tena, na tena, mpaka awaondoe watu wake barabarani. Hiyo ni ahadi, na unajua mimi na ahadi.

Nitakapopita pale sokoni, nisikukute. Niliwazuia vijana wako. Sasa nakuzuia wewe. Kaa kwenu, mwanangu. Lala.

Baba yako mkubwa