Papai Nililolikataa

Muyeye, Malindi
16 Agosti 1987

Kwa kaka yangu Lewa Kalama,
Mariakani.

Shikamoo, kaka. Najua umeigeuzageuza bahasha ukijiuliza ni nani aliyeniandikia. Hakuna. Hati hii mbovu ni yangu mwenyewe. Nimesoma gumbaru, darasa la watu wazima, hapa Muyeye pamoja na kina mama wenzangu, na wewe ndiwe mtu wa kwanza kupata barua ya mkono wangu. Je, u hali gani? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa ile mikebe ya maziwa umepoa? Shemeji yangu Zipporah hajambo, na watoto? Nilisikia yule mdogo alishikwa na surua, nikamwombea, ingawa uso wake sijapata kuuona. Sisi huku tu wazima. Mahamri yangu na mbaazi zinanunuliwa, na Sidi mwanangu amekuwa mrefu hata amenipita. Afya tunayo. Yasiyo ya afya utayakuta huko chini.

Kama ulivyosikia, Thoya tumemzika. Mimi hakuniacha, wala mahari yake hayakurudishwa, kwa hiyo nilikwenda Jilore kama mjane, watake wasitake. Shemeji zangu hawakunifukuza. Walinionyesha tu kwa kidevu upande wa jikoni, nikakaa huko kwenye moshi na wapishi. Kunyamaza nimekuzoea.

Ungekuja, kaka, ungefurahi. Lile halikuwa hanga la kuomboleza, ulikuwa uwanja. Mashabiki wa Tingatinga, kama mlivyokuwa mkimwita Thoya, walifika kutoka Malindi, Watamu hata Kaloleni, wamejifunga vitambaa vyekundu kichwani kama zamani zile mlipokuwa mkimsindikiza kwenye mieleka. Jeneza lilipotolewa, mtu mmoja akapaza sauti akaita Tingatinga, na umati wote ukaitikia Fukua! kama vile marehemu angeinuka sasa hivi ambebe mtu juujuu na kumzungusha. Mimi jikoni nilishikwa na kicheko, Mungu anisamehe, kisha nikalia mpaka wapishi wakaninyang'anya mwiko.

Baada ya maziko walikaa kwenye mikeka wakaanza kumsimulia. Dedan, yule fundi cherehani aliyemshonea joho lake jekundu, alieleza jinsi Thoya alivyomwinua yule mtu mnene kutoka Voi, akatembea naye uwanja mzima akiwapungia wazungu mkono. Halafu akatoa mfukoni kitambaa cheupe chenye doa la kahawia. Akasema hiyo ndiyo damu ya Tingatinga, iliyomtoka alipopasuliwa kichwa siku ya Madaraka, na kwamba ameiweka miaka yote hii wala haijaingia maji. Watu wazima na ndevu zao walikipokezana kile kitambaa kwa mikono miwili. Gerishom, yule wa kutengeneza redio, akaapa kuwa watu kama Thoya hawazaliwi tena, kwamba hapakuwa na mwanamume kutoka Vanga mpaka Kiunga ambaye angemlaza chali kwa haki. Lile neno kwa haki alilirudia, huku akitazama upande wa jikoni.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyesimulia miaka mitano hii ya mwisho. Hakuna aliyesema kwamba Tingatinga alikuwa bawabu wa nyumba ya mzungu kule Casuarina, akilala kibandani na kirungu, mgongo umekufa, hawezi kuinua hata ndoo. Hakuna aliyesema kwamba mashabiki hao hao walikuwa wakimnunulia mnazi ili awasimulie pigano fulani tena, na akishalewa wanamwambia hebu binua kreti lile tuone, na akishindwa wanacheka kisha wanaondoka wakitikisa vichwa, eti masikini, yule mwanamke alimmaliza. Hiyo ndiyo sala iliyomfuata mpaka kaburini. Yule mwanamke alimmaliza. Mimi hapa, kaka. Dada yako.

Sasa nakuja kwako. Gerishom alisimama akasema ana salamu za Lewa Kalama kutoka Mariakani, shabiki namba moja, na akazitoa mbele ya kila mtu. Ulimtuma aseme kwamba Tingatinga alale salama, na kwamba wewe hujamsahau yeye wala aliyemwangusha, ingawa aliyemwangusha ni damu yako. Watu wakakushangilia. Wakasema huyo ndiye mwanamume, anapenda haki kuliko tumbo alilotoka. Mwenye kovu usidhani kapoa, kaka. Nilikuwa nimeshika sufuria ya wali, nikaitua chini.

Hukujua ni nani aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ule. Sidi amechumbiwa na kijana wa Ganze, mwalimu, mtu wa heshima zake, na wazee wake walikwisha kuleta kadzama ya mnazi ya kuchumbia tukainywa. Niliwaambia tu kwamba baba yake na mimi tumetengana. Ami yake yule kijana alikuja mazikoni kwa adabu ya ukwe. Alizisikia salamu zako, akamwuliza jirani yake habari, na jirani, kwa raha zake zote, akampa hadithi nzima mpaka ya kiraho, kile kiapo cha papai nililolikataa. Siku ya tatu tukaletewa neno: mnazi ule tuuhesabu umemwagika, wao hawawezi kuingiza nyumbani mwao mtoto wa mwanamke aliyekimbia kiraho. Sidi hakulia. Alikunja leso aliyokuwa akimfumia mchumba wake, akaitia moto mekoni pangu, kisha akaniuliza jambo ambalo hakupata kuniuliza tangu utoto wake. Aliniuliza kama ni kweli.

Mwanangu nimemjibu. Sasa nakujibu na wewe, ingawa wewe hujaniuliza.

Unamkumbuka Joram, yule wa bara aliyemwangusha Thoya siku ya Jamhuri, mwaka wa themanini na mbili? Alikuja mazikoni. Ametoka Kakamega kwa basi, amezeeka, sikio moja limekunjamana. Mashabiki walitaka kumpiga. Alipoomba kusema neno, Gerishom alimwambia kwamba hanga la Tingatinga halina kiti cha mtu aliyeshinda kwa uchawi wa kukodi. Akaondoka akaja jikoni kwangu, akakaa juu ya kuni, mtu mzima yule, akalia kama mtoto. Nilimpa maji. Nao walioona wakasema, mnaona sasa? Tangu zamani hao lao moja.

Ni kweli, lao lilikuwa moja. Lake Joram na Thoya. Unayakumbuka yale magunia ya sufi nyuma ya nyumba yetu Jilore, uliyokuwa ukiyalalia ukija kututembelea na kuyasifu kwa ulaini? Uliniuliza ya nini, nikakuambia ya kuuza mito. Nilikudanganya kwa sababu niliagizwa. Yalikuwa ya kuangukia. Joram alikuwa akija usiku wa kuamkia mapigano, nawapikia, kisha wanakesha pale wakifundishana, wewe unibebe hivi, mimi nianguke hivi, tuhesabu pamoja ndipo niruke. Walipendana kuliko ndugu. Yule promota wa Mombasa ndiye aliyekuwa akiamua nani ashinde na nani alazwe, na sharti lake lilikuwa moja: atakayefungua mdomo hatapanda jukwaa tena popote. Na ile damu ambayo Dedan anaitunza kama hirizi, mwambie wembe ulikuwa wangu. Niliuvunja kipande mimi mwenyewe, nikauchemsha, nikauficha kwenye bendeji ya kidole chake, akajikata mwenyewe kwenye paji la uso kidogo tu, jasho likaieneza. Usidhani hakuumia. Kuanguka kulikuwa kuanguka, na mgongo uliovunjika ulivunjika kweli. Ni ushindi tu uliokuwa wa kupangwa.

Usiku wa kuamkia Jamhuri, Thoya aliniambia kwamba kesho ataangushwa. Promota ameona mgongo wake umekwisha, anataka Joram apande. Alimwahidi Thoya kwamba Pasaka watarudiana naye atarudishiwa jina lake. Pasaka ilikuja, promota akiwa Kisumu na Joram wake, hata salamu hakuleta.

Lakini nyinyi mashabiki hamkuweza kulala na lile jambo. Tingatinga ameangushwa, basi lazima kuna mkono. Mkautafuta mkono mpaka mkaupata ndani ya nyumba yake. Mara nilionekana nikimwaga maji mlangoni alfajiri, mara nililifua joho lake na kitu cheusi. Nilitazamia mume wangu aseme. Thoya akainama akayatazama magoti yake. Baadaye alikuwa akinijia kwa siri huku Muyeye na mihogo kwenye kikapu, anakaa kizingitini analia, ananiambia kwamba jina lile ndilo shamba lake la pekee, nikilifukua hatabaki na kitu cha kula wala cha kuzikiwa. Nilimpenda, kaka, na nilimchukia, yote mawili kwa siku moja, na sahani ya chakula nikamwekea.

Kabla mwaka ule haujaisha, wewe ndiwe uliyenipeleka kwenye kiraho. Ulilichuma papai kwetu, ukashika sahani kwa mkono wako, na mzee wa kiraho akakuuliza wewe, mwenye dada, nile kwa neno gani. Unalikumbuka neno lako? Mimi sijalisahau hata nukta moja. Ulisema: kama Kadii anajua kilichomwangusha Thoya, papai hili limvimbishe mdomo asiweze kumeza hata mate.

Laiti ungeuliza kama nilimroga! Ningelila na maganda na mbegu zake. Lakini uliuliza kama ninajua. Nami nilikuwa najua. Kiraho nakiogopa kama wewe unavyokiogopa, tumelelewa na mama mmoja. Sikuweza kuapa uongo kwa kile kipande, na sikuweza kusema ukweli pasipo kumvua nguo mume wangu mbele ya watu waliokuwa wakimwabudu. Nilimtazama Thoya. Hakuinua uso. Basi nikaisukuma sahani, na nyote mkapiga ukelele mmoja kwamba nimekiri. Siku ile ile ukaniambia kuwa nyumba ya baba haina kitanda cha mchawi, nikashika mkono wa Sidi tukaja Muyeye kwa miguu, wewe umesimama barabarani unatazama.

Hiyo ndiyo siri yote. Nimeitunza miaka mitano kwa ajili ya mtu aliyekuwa hai. Sasa yeye amekufa na mwanangu yu hai, na sitamzika Sidi pamoja na jina la baba yake. Wapo watakaosema nimemchafua maiti. Waseme. Dedan akitaka atie kitambaa chake kwenye fremu.

Ninalotaka kwako ni moja. Aliyeniingiza kwenye kiraho ndiye anayepaswa kunitoa, na hilo unalijua, huwezi kumtuma Gerishom. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu mzee wa kiraho atakaa Jilore, nimekwisha kuzungumza naye. Joram amekubali kungoja, analala kwa mtu wao hapa mjini, naye atasimama aseme aliyoyafanya na Thoya, akipigwa apigwe. Wazee wa Ganze nimewaita, na yule ami ameitika. Mashabiki watakuja bila kuitwa. Wewe uje usimame pale pale uliposimama, uulize upya, na safari hii uulize nilitenda nini. Usipokuja sitakuandikia tena, na watoto wako wakiuliza wana shangazi, uwaambie alikufa mwaka wa themanini na mbili, maana ndivyo ulivyotaka.

Nisalimie Zipporah na watoto, hasa yule wa surua, mpake mafuta ya nazi. Jirani yangu Idah anakusalimu, ndiye aliyenisahihishia herufi chache. Sidi nilimwambia aandike salamu zake hapa chini akakataa, nami sikumlazimisha.

Ukija, papai la sokoni usiniletee. Pitia kwetu, ulichume nyuma ya jiko la marehemu mama, pale pale ulipochuma lile la kwanza. Chagua kubwa. Nina njaa nalo tangu siku ile.

Ni mimi dada yako,
Kadii Kalama