Nyuma ya Godoro

Mume wangu,

Salamu zikufikie huko kazini. Sisi tu wazima, ila paa la studio bado linavuja, na paka wa jirani kazaa ndani ya sanduku la taa zangu.

Nimepata kazi ya kupiga picha za watu wanavyokwenda na kurudi hapa mtaani. Jana nilikaa dirishani, nikampiga picha mwendesha baiskeli aliyefunga godoro nyuma, na bibi mmoja wa magongo anayewapita wenye miguu mizima. Nilipozikuza picha kwenye kompyuta, nyuma ya lile godoro nikamwona Baba.

Baba huyuhuyu ninayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mwaka wa pili sasa. Alikuwa amesimama. Kiti anakisukuma yeye, na aliyekaa ndani ni yule mama fundi cherehani wa hapa jirani, anacheka mpaka kafumba macho.

Sijui nifurahi au ninune. Unakumbuka nilivyomwambia: siku atakayotembea, nafunga studio nakufuata. Labda ndiyo maana mbele yangu hatembei. Au labda ni huyo fundi tu. Sanduku la nguo nimelitoa uvunguni, nikalirudisha, nikalitoa tena.

Picha nimeitia humu. Iangalie, uniambie unaona nini.

Leo asubuhi nilimuuliza, "Baba, miguu inasemaje?"

"Bado, mwanangu. Haraka ya nini?"

Akaninyooshea mikono nimwinue. Nami nikamwinua.

Mkeo,
ambaye hata mlangoni hajafika