Mume Wangu Amezima, Kufuta Ananiachia Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijasema neno nisiloweza kulirudisha. Mimi na mume wangu tunasomea mashine pepe, kompyuta za mtandaoni ambazo huzishiki, unazifungua kwa kubonyeza tu, na darasani tumepewa akaunti moja kwa wawili, na mkufunzi kasema Ijumaa akaunti isipokuwa tupu hakuna cheti, si kwangu wala kwake, na cheti hicho ndicho cha kunitoa mapokezi kazini na kunipeleka chumba cha mitambo. Sasa mimi zangu nimezifuta zote pamoja na diski zinazohifadhi kazi zangu, yeye zake kazizima tu, diski zimebaki zimejaa, nikimwambia ananijibu, "Si nimezima?" kama anavyozima jiko nyumbani na kuniachia sufuria lililoungua, na jana alipoulizwa mbele ya darasa akasema, "Usijali mwalimu, mama watoto atasafisha," wakacheka wote, na mkufunzi naye akacheka. Nimechoka, mshauri. Nifute mashine zetu yaishe, au niache tukose wote?

Mama Watoto Aliyechoka

Dada, pole, na hasira hiyo ni haki yako. Lakini rudia kusoma ulichoandika: "mashine zetu". Zetu za nani? Zako ulishafuta. Umemzoesha kumwokotea soksi, sasa unataka kumwokotea na diski, halafu unaniuliza mimi kwa nini haoni aibu.

Usiguse chake hata kimoja. Hujui ameweka nini humo, na ukifuta kazi yake ya mtihani kesi itageuka kuwa yako.

Kesho wahi darasani. Hata akaunti ikiwa moja, kila mashine ina jina la aliyeifungua, kwa hiyo mwoneshe mkufunzi kwamba zako hazipo, na umwombe ampime kila mtu kwa jina lake. Akianza kujiumauma, mkumbushe kwamba alicheka. Kama alikuwa na meno ya kucheka, awe na mdomo wa kumwambia mumeo afute. Akikataa kabisa, utarudia kozi, safari hii kwa akaunti yako peke yako. Inauma, lakini si kama kufagia nyuma yake mpaka uzeeni.

Mumeo mwambie leo mezani, mara moja, bila kupaza sauti, kwamba kuzima si kufuta na wewe hufuti. Basi, nyamaza. Ijumaa darasa zima litakugeukia kungoja mama watoto asafishe. Usiinuke.