Kifundo Kwenye Mfuko wa Koti

Shikamoo Shangazi,

Huku niliko, baridi ya huko nyumbani Shighatini ingeitwa joto. Koti ulilonipa ndilo linaloniokoa. Meli yetu ya watalii imekaribia nchi ya barafu, na kesho nitashuka nao ufukweni kuwapelekea chai. Kwa hiyo leo tumekaguliwa nguo, maana kule hairuhusiwi kuingiza udongo wala mbegu hata moja.

Dada mkaguzi alisugua buti zangu kwa brashi, kisha akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Akatoa kifundo cha kanga. Ndani yake kulikuwa na maharage.

"Umepanga kulima?" akaniuliza.

"Ni mbegu za shangazi yangu."

Alitaka kuzichoma. Nikamwomba nizipike, naye hakutoka jikoni mpaka zilipoiva. Nilizichanganya na mahindi ya kopo, tukala makande sisi wawili. Akaomba aongezwe.

Kipande cha kanga nimekifua, nitakirudisha. Lakini kuku wa jirani yako Mama Neema hawakula mbegu zako, Shangazi. Tangu masika mmenyimana salamu bure. Nenda kwake, na salamu uanze wewe.

Mwanao,
Elibariki