Fahali Mwenye Mabawa

Olaya, Riyadh

Dada Emmah,

Mimi ni mzima. Natumaini watoto wamepona kikohozi.

Baba wa hapa, yule aliyenikataza kuja kumzika mama eti nani atapangusa beji zake, amepatikana, ameaibishwa. Ni beji za kitambaa anazokusanya, za wanajeshi wa ndege za mabomu wa vita vya zamani. Wageni wakija huzimulika kwa taa ya zambarau kuwaonyesha ni za kweli. Uzi wa zamani hauwaki, uzi wa siku hizi hung'aa.

Ijumaa walikuja wenzake kutoka Jeddah. Akafunga mapazia, akamulika ile anayojivunia kuliko zote, fahali mwenye mabawa. Ikang'aa kama taa ya gari!

"Halas, basi, hii ni feki," mmoja akasema, wakamcheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nawamiminia kahawa, uso mkavu.

Niliishona mwenyewe, kwa mshono ule mama alitufundisha kwenye vitambaa vya viti. Mungu anisamehe, na asiponisamehe pia sawa.

Ile ya kweli ndiyo kile kitambaa cha kushikia sufuria nilichompa Shiro akuletee alipokuja likizo. Usikihurumie. Kikiungua, nitumie picha.

Dadako ambaye hakuzika,
Zipporah