Kisima cha Pale Kinuni

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike hakuna wa kunijibu kwa ile sauti yako ya kukaripia.

Wanajenga hospitali, Baba. Unajua wapi? Pale pale penye kinu cha mgodi, ulipofanya kazi mpaka wazungu wakafunga wakaondoka. Ule mchanga mweupe uliobaki baada ya dhahabu kuoshwa kwa dawa, ambao wewe ulitukataza hata kupitisha ng'ombe juu yake, tumeusawazisha sisi wenyewe kwa majembe, siku za kujitolea. Wodi ya wazazi imeshaezekwa, na kisima kimechimbwa uani. Bwana afya wa wilaya anasema udongo umepimwa, ni safi. Umepimwa na nani? Mbona kila akija anakuja na chupa yake ya maji? Nikiuliza naambiwa napinga maendeleo. Haya.

Roho yangu iko kwa Kabula. Mdogo wangu huyo ana mimba tena, na yule wa kwanza alimpoteza nyumbani, mikononi mwangu, kwa kukosa mkunga. Hospitali nyingine iko mbali mno. Atajifungulia pale, apende asipende.

Siku ya kufungua kisima nikachota maji kwa kata, nikampelekea bwana afya mbele ya watu wote. Desturi yetu unaijua, mwenye kitu huonja kwanza ndipo mgeni anywe. Nikamwambia, "Bwana afya, kisima ni chako. Onja, utoe sumu." Nilikuwa na hakika atasingizia tumbo.

Akanywa. Yote, akajifuta mdomo. Akina mama wakapiga vigelegele, mwenyekiti wa kijiji akanitazama kama mwizi wa kuku, na kwa aibu nikapiga vigelegele na mimi.

Nimefika nyumbani ndipo akili ikanirudia. Baba, si wewe uliyekuwa ukinywa maji ya pale kinuni kila siku ya kazi? Ukisema ni matamu kuliko yetu ya bondeni. Ng'ombe uliwakataza, mwenyewe ukanywa! Na hukuugua hata homa. Mikono ilianza kutetemeka baadaye sana, mgodi umeshafungwa, mpaka nikawa nakulisha uji mimi. Tukazunguka kwa waganga, tukamlaumu jirani, masikini wa Mungu. Sasa nitamwambia nani, na bwana afya mzima anatembea?

Nimekukasirikia, Baba. Nimekulilia pia.

Kabula atakwenda kwa mkunga wa pale hospitali, sina ujanja. Ila maji ya kunywa na ya kumwogesha mtoto nitayabeba mimi kutoka bondeni, ndoo kichwani, na wakinicheka wacheke.

Lala, Baba. Akiwa wa kiume tutampa jina lako. Na mikono yake nitaitazama kila siku, mpaka nami nije huko.

Mwanao,
Minza